Jacques Tati: mjomba wa Mr Bean aliyepoteza nyumba kwa sababu ya filamu moja

Leo siasa naziweka kando, na bei ya sukari naiweka kando pia. Nataka niwasimulie habari za Mfaransa mmoja aliyefariki mwaka 1982, ambaye wengi wenu mmeshamcheka bila kumjua. Kaeni mkao wa kula maana ni ndefu kidogo.

Mimi nilimjua kwa ubishi. Mwaka 2007 hivi nilikuwa mteja wa kudumu wa intaneti kafe moja, shilingi 500 kwa nusu saa, mashine zinaganda ukifungua madirisha mawili tu. Siku hiyo tulikuwa watatu tumebanana kwenye kioo kimoja tunamwangalia Mr Bean, mbavu hatuna. Jamaa wa mashine ya jirani, ambaye alikuwa anasoma Kifaransa, akatuambia kuwa huyo tunayemcheka ana mjomba wake Ufaransa. Tukambishia. Akatufungulia kipande cha video ili atufunge mdomo.

Tukaona nini? Mwanaume mrefu yuko kwenye chumba cha vioo, anasubiri kuonana na mtu. Mbali kabisa, mwisho wa korido, mtu mwingine anakuja kwa miguu. Anakuja. Anakuja. Yule mrefu anasimama kumpokea, bawabu anamwashiria akae kwanza, bado. Yule mwingine anaendelea kuja tu. Basi, kwisha habari. Tukamzomea yule jamaa na tukarudi kwa Bean wetu.

Kosa letu nilikuja kulijua miaka kadhaa baadaye, nilipokiona tena kipande kilekile nikiwa na hedifoni. Kafe ile haikuwa na spika! Kichekesho chote kiko kwenye viatu. Unasikia ko, ko, ko, ko ya mtu aliye mbali kama vile yuko mlangoni, ndiyo maana mrefu anasimama mapema, na ko, ko haziishi. Nilicheka peke yangu usiku kama mwehu. Nikaanza kumtafuta huyu mzee ni nani, na nilichokuta ni kisa cha kusikitisha kuliko nilivyotegemea.

Jina lake kamili ni Jacques Tatischeff, alizaliwa Oktoba 1907 huko Le Pecq, karibu na Paris. Jina ni la Kirusi kwa sababu babu yake mzaa baba alikuwa afisa wa Kirusi aliyefanya kazi kwenye ubalozi wa Urusi mjini Paris. Upande wa mama walikuwa na damu ya Kiholanzi, na shughuli yao ilikuwa kutengeneza fremu za picha, duka la heshima, wateja wenye pesa. Kijana alitakiwa arithi fremu. Shuleni hakuwa kitu, akaingizwa kwenye fremu, akaenda jeshini kwenye kikosi cha farasi, akapelekwa London kujifunza biashara, na huko London akajifunza raga.

Sasa raga ndiyo iliyomharibu, au iliyomtengeneza, itategemea unaongea na nani. Aliporudi Paris alichezea klabu ya Racing. Alikuwa mrefu wa karibu mita 1.9. Baada ya mechi, wenzake wakiwa wanakula na kunywa, yeye anasimama na kuiga mechi nzima bila kusema neno: anakuwa mchezaji, anakuwa refa, anakuwa mpira wenyewe. Watu wanaanguka chini. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaacha fremu na kuingia kwenye majukwaa, baba yake hakufurahi hata kidogo, na kwa muda alikula jeuri yake. Lakini mwaka 1936 Colette, mwandishi mkubwa wa Ufaransa wa enzi hizo, aliandika kumsifia, hasa pale anapoigiza mpanda farasi, kwa sababu ulikuwa unamwona mpandaji na farasi kwa wakati mmoja, ilhali jukwaani yupo mtu mmoja tu na hana kifaa chochote.

Hapo kati kuna filamu fupifupi na kuna vita. Nazipita. La kukumbuka ni kwamba wakati wa vita alikwenda kukaa kijijini Sainte-Sévère, katikati ya Ufaransa, na vita vilipoisha akarudi kulekule na kamera, mwaka 1947.

Alichotengeneza kinaitwa Jour de fête, yaani Siku ya sikukuu. Mpeleka barua wa kijiji, François, anaona kwenye gulio mkanda wa sinema unaoonyesha maajabu ya posta ya Marekani, helikopta na mbio, anapandwa na mzuka. Kesho yake anapanda baiskeli yake kuukuu na kugawa barua kwa kasi ya Kimarekani. Wanakijiji wenyewe ndio waigizaji. Ilikuwa iwe moja ya filamu ndefu za kwanza za rangi nchini Ufaransa, maana Tati alitumia mfumo mpya wa rangi ulioitwa Thomsoncolor. Ila kwa tahadhari aliweka pembeni kamera ya pili ya nyeusi na nyeupe. Na ni heri aliweka! Wenye mfumo walishindwa kusafisha nakala za rangi, na filamu ikatoka mwaka 1949 ikiwa nyeusi na nyeupe. Ikapata tuzo ya hadithi bora kwenye tamasha la Venice. Rangi zenyewe zilikuja kuonekana mwaka 1995, miaka 13 baada ya yeye kufa, baada ya binti yake Sophie Tatischeff na mtaalamu François Ede kuihangaikia ile mikanda ya zamani. Nasema haya mapema ili mjue tabia ya huyu mzee. Alikuwa mtu wa kuona kitu ambacho mashine za wakati wake hazijakifikia, halafu anaweka pesa.

Baada ya hapo wakubwa wa sinema walitaka mpeleka barua arudi. Sehemu ya pili, sehemu ya tatu, mnajua mambo hayo. Tati akakataa. Akaleta mtu mpya kabisa, Monsieur Hulot, kwenye filamu ya mwaka 1953, Les Vacances de Monsieur Hulot, likizo ya Bwana Hulot. Huyu ndiye mnayemjua bila kumjua. Suruali fupi, soksi za mistari zinaonekana, kiko mdomoni, mwamvuli, anatembea ameinamia mbele kama anapambana na upepo ambao wengine hawauoni. Ana adabu zote. Kila anachogusa kinaharibika, na yeye ndiye wa mwisho kujua. Filamu haina kisa, ni watu wako kwenye hoteli ya ufukweni Saint-Marc-sur-Mer, wanajilazimisha kufurahi kwa sababu wamelipia. Maneno ni machache mno, hata DJ wa kutafsiri kwenye banda la video angekaa tu anakula karanga. Badala yake kuna mlango wa chumba cha kulia, ambao kila ukisukumwa unatoa mlio mmoja wa ajabu. Mlango huo kwangu mimi ni mwigizaji kamili. Rowan Atkinson mwenyewe amekiri kwamba Bean ana deni kwa filamu hii, na mkitaka ushahidi angalieni jina la ile filamu ya Bean ya mwaka 2007 anayokwenda likizo Ufaransa.

Mwaka 1958 ikaja Mon Oncle, Mjomba wangu. Kifaransa hakitofautishi mjomba na baba mdogo, lakini hapa ni mjomba hasa, maana Hulot ni kaka wa mama wa mtoto. Dada mtu ameolewa na bosi wa kiwanda cha plastiki, wana nyumba ya kisasa ambayo kila kitu kinajiendesha na hakuna mahali pa kukaa vizuri. Bustanini kuna samaki wa bati anayetapika maji juu. Kengele ikilia, mama mwenye nyumba anachungulia kwanza: mgeni wa maana, samaki anawashwa, akiwa kaka yake tu, samaki anazimwa. Jamani, nani hajawahi kufika kwa ndugu akaona samaki anazimwa? Filamu ilipata tuzo maalumu ya majaji Cannes, halafu Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni mwaka 1959. Alipokwenda Hollywood kuichukua, wenyeji walitaka kumfanyia takrima, na inasimuliwa kwamba alichoomba ni kupelekwa kuwasalimia wazee wa vichekesho vya kimya: Stan Laurel, Buster Keaton na Mack Sennett.

Hapo sasa ana miaka 51, ana Oscar, na dunia nzima inamtaka Hulot. Angeweza kula jina mpaka anazeeka. Nataka mpaweke alama hapa.

Yeye Hulot alikuwa ameanza kumchosha. Mnajua sisi kwenye mabanda ya video tulivyokuwa tunaangalia picha: cha kwanza unauliza steringi nani. Ukishamjua steringi umetulia, maana steringi hafi. Tati akapata wazo la kutengeneza picha isiyokuwa na steringi. Kila mtu kwenye kioo awe na kichekesho chake, mhudumu, mtalii, fundi, mlevi, bibi aliyebeba begi, na Hulot awe mmoja tu wa wapitaji. Kamera isisogee karibu kukuonyesha ucheke wapi. Wewe mwenyewe utafute. Ili hilo liwezekane alihitaji picha pana sana na kali sana, kwa hiyo akachagua mkanda wa milimita 70, uleule wa filamu za vita na wafalme, kwa ajili ya vichekesho vya kufungua milango.

Filamu ni Playtime. Inahusu Paris mpya ya vioo na chuma, ambamo ofisi, hospitali na uwanja wa ndege vinafanana kiasi kwamba huwezi kujua uko wapi. Watalii wa Kimarekani wanakuja kuiona Paris, na mnara wa Eiffel wanauona tu kwenye kioo cha mlango unapofunguliwa, kama picha ya haraka. Kwa kuwa hakuna mji ambao ungemfungia uwanja wa ndege na mitaa kwa miaka, aliamua kujijengea. Upande wa kusini mashariki mwa Paris, karibu na Joinville, kwenye eneo la mita za mraba kama 15,000, ukasimama mji wa kuigizia ambao watu waliuita Tativille. Ulikuwa na barabara ya lami, taa za barabarani, ngazi za umeme zinazofanya kazi, mitambo yake ya umeme na maghorofa yenye magurudumu ya kusukumwa kubadilisha mtaa. Nyuma kabisa aliweka picha za watu zilizokatwa kwenye mbao ili asilipe waigizaji wa ziada. Ukiiangalia kwa makini utawaona wale wasiotingishika.

Ujenzi ulianza mwaka 1964. Dhoruba ikabomoa sehemu ya seti. Ikajengwa upya. Pesa zikaisha, zikakopwa, zikaisha. Upigaji picha ukaendelea mpaka mwaka 1967, mara nyingine wanasubiri mawingu ya aina fulani, mara nyingine wanasubiri benki. Tati aliweka rehani kila alichonacho: nyumba ya familia huko Saint-Germain-en-Laye, na haki za filamu zake zilizotangulia. Yaani François wa baiskeli, Hulot wa likizo, mjomba na samaki wake, wote waliwekwa dhamana.

Niwaambie kuhusu nusu ya pili ya filamu, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Mgahawa mpya, Royal Garden, unafunguliwa usiku wa kwanza kabla mafundi hawajamaliza. Rangi haijakauka, vigae vinabanduka na kunasa kwenye kiatu cha mhudumu, viti vinaacha alama mgongoni mwa wateja. Samaki mmoja anapakwa mchuzi na viungo na kila mhudumu anayepita, na hagawiwi kwa mtu. Hulot anagonga mlango wa kioo unavunjika vipande. Bawabu anafanya nini? Anabaki na kitasa mkononi na anaendelea kuwafungulia wageni mlango ambao haupo, na wageni wanapita kwa heshima na kumpa chochote. Kadiri jengo linavyoanguka ndivyo watu wanavyoanza kufurahi kweli, wanacheza, wanajuana, mtalii anapiga piano, mpaka asubuhi. Inachukua karibu dakika 45 na kila pembe ya kioo kuna kitu kinatokea. Nimeiangalia mara nne na kila mara nakuta kichekesho nilichokikosa. Mara ya kwanza, nakiri, nililala. Nilikuwa namtafuta steringi.

Watazamaji wa Desemba 1967, ilipozinduliwa, walikuwa kama mimi. Walikwenda kumwona Hulot wao. Wakakuta Hulot anapita kwa mbali, halafu wanamwona Hulot mwingine mwenye koti na mwamvuli, wanamshangilia, kumbe siye, ni mtu tu anayefanana naye. Tati aliwawekea Hulot wa bandia makusudi kabisa! Alipunguza filamu ikawa fupi zaidi, haikusaidia. Marekani, ambako deni lingeweza kulipika, haikupata msambazaji mpaka miaka ya 1970. Tativille, aliyotamani ibaki iwe studio ya vijana wanaoanza kutengeneza filamu, ikabomolewa.

Nyumba ikaenda. Kampuni yake ikafilisika. Filamu zake zikashikiliwa na wadai, na kwa miaka kadhaa hazikuonyeshwa, zimefungiwa kama magari ya mtu aliyeshindwa mkopo. Fikiria umetunga kitu ambacho watoto wa dunia nzima wanakicheka, halafu huruhusiwi kukionyesha.

Wapo wanaosema alijitakia, na nusu nakubaliana nao. Hakuna aliyemshika mkono kusaini. Alikuwa mbishi, alichelewesha kazi, aliwachosha watu waliomfanyia kazi, na mtu mwenye familia haweki rehani nyumba kwa sababu ya mlango wa kioo. Nimeona kwetu mitaani watu waliopoteza viwanja kwa mikopo ya ovyo kuliko hiyo, na sikuona cha kusifia. Lakini nusu nyingine ya moyo wangu inakataa. Aliambiwa tengeneza ileile tena, mara mbili, kwa mpeleka barua na kwa Hulot, na mara zote mbili alikataa. Angekubali mara ya kwanza tusingempata Hulot kabisa. Sasa utamlaumu vipi kwa ukaidi wa pili na kumshukuru kwa ule wa kwanza? Mimi sijapata jibu.

Deni likamlazimisha kufanya alichokimbia. Kwenye Trafic ya mwaka 1971, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Waholanzi, Hulot alirudi kuwa mbele, safari hii anapeleka gari la kambi kwenye maonyesho ya magari Amsterdam, na gari linakwama njia nzima. Ni nzuri, si kubwa. Ndiyo ya mwisho ya Hulot. Akawa na wazo la filamu nyingine, Confusion, kuhusu dunia ya televisheni, na humo Hulot alikuwa afe mapema kabisa, kwa risasi, mbele ya kamera. Steringi afe mwanzoni! Haikupata pesa, haikupigwa.

Kazi ambayo mimi inanigusa zaidi ni Parade ya mwaka 1974, aliyoifanya kwa televisheni ya Sweden kwa pesa kidogo, kwenye sarakasi huko Stockholm. Mzee wa miaka 66, hana nyumba, hana filamu zake, anasimama uwanjani na kuigiza golikipa, bondia, mcheza tenisi, mpanda farasi na farasi wake. Ni yale yale aliyowafanyia wachezaji wenzake wa raga zaidi ya miaka 40 nyuma.

Mwaka 1977 Wafaransa walimpa César ya heshima. Kwenye miaka hiyohiyo filamu zake zilianza kutoka kifungoni, na mwaka 1978 akarudi Saint-Marc-sur-Mer kupiga kipande kipya cha kuongeza kwenye filamu yake ya 1953, kumtania yule papa wa filamu ya Jaws. Alifariki Paris Novemba 1982. Playtime ilisafishwa na kurudishwa kwenye majumba ya sinema mwaka 2002, na siku hizi wakosoaji wengi wanaihesabu kati ya filamu kubwa kabisa zilizowahi kutengenezwa. Mwaka 2009 yalipofanyika maonyesho makubwa ya kumkumbuka Paris, mabango ya kwenye metro yalimwondolea Hulot kiko kwa sababu ya sheria ya matangazo ya tumbaku, wakambandika kidude cha karatasi cha watoto kinachozunguka kwa upepo. Kha!

Wapenzi wa soka msiondoke. Mwaka huohuo wa 1978 klabu ndogo ya Bastia, ya kisiwa cha Corsica, ilifika fainali ya Kombe la UEFA dhidi ya PSV ya Uholanzi, na Tati akaitwa kupiga picha mechi ya kwanza. Mvua ilinyesha uwanja ukawa bwawa. Kamera zake zikahangaika zaidi na mashabiki kuliko wachezaji: wazee na bendera, watu wanaokamua maji uwanjani, mji mzima unasubiri. Mikanda ilikaa bila kumalizwa mpaka Sophie alipoiokota na kuiunganisha ikawa filamu fupi, Forza Bastia, muda mfupi kabla naye hajafariki mwaka 2001. Mechi yenyewe iliisha 0-0.

Anayetaka kumjua mzee aanze na ile ya likizo ya 1953, halafu Mjomba, Playtime aiache kwanza. Na hedifoni asisahau.